Bakuli la Ghorofa ya Chini

Nilipohamia Panyu, kusini mwa Guangzhou, wenzangu wa biashara walinicheka wiki nzima. Karibu sisi sote tuliotoka Tanzania kununua nguo tulikuwa tumepanga vyumba katikati ya jiji, kwenye majengo ambayo ukifungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza kusikia ni tepu ikivutwa, krrr, krrr, watu wakifunga maboksi. Nilikuwa nimekaa humo miaka miwili. Nilitaka mahali ambapo naweza kusikia sufuria yangu ikichemka.

"Basi nenda shamba, mama," aliniambia rafiki yangu, mama mmoja wa Bukoba aliyekuwa akinunua mabegi. "Utaongea na nani huko? Na bata?"

"Bata hawaulizi pasipoti," nikamjibu.

Akacheka, lakini alinielewa. Ulikuwa mwaka wa Olimpiki ya Beijing na ukaguzi ulikuwa umekaza. Ungeweza kusimamishwa kwenye mlango wa treni ya chini ya ardhi, ukaonyesha pasipoti, ukavuka barabara na kuombwa tena. Viza zilizokuwa zikitolewa kwa miezi zikaanza kutolewa kwa siku. Watu waliokuwa na karatasi zao sawasawa nao walijifunza kutembea kama wezi, na miguu yangu ilikuwa imechoka kutembea hivyo.

Nyumba niliyoipata ilikuwa ya ghorofa tatu, nyembamba kama kabati. Mimi nilipanga ya pili. Ya tatu ilikuwa tupu, na juu kabisa, kwenye paa, kulikuwa na bustani ya mboga iliyopandwa kwenye maboksi meupe ya samaki. Ghorofa ya chini aliishi mwenye nyumba, bibi mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuuzia samaki. Nilimwita Popo, kama wanavyomwita bibi watu wa huko. Yeye aliniita Msichana, ingawa nilikuwa nakaribia arobaini na nina mtoto kidato cha pili.

Mtaa wenyewe ulikuwa na ukimya wa kushangaza. Adhuhuri ulisikia wazee wakicheza mchezo wao wa vigae, tra-tra-tra, na mtu wa tofu akipita na kengele yake. Nguo zilianikwa juu ya mianzi hadi katikati ya kichochoro, ukawa unapita chini ya mashuka ya watu ukijua nani kapata mjukuu. Wiki ya kwanza walinitazama. Wiki ya pili mzee mmoja aliniuliza kama kwetu kuna mchele. Nilipomwambia upo, tena wa Kyela, unaonukia, alikwenda kuwaambia wenzake mezani kama mtu aliyepokea habari njema za ndugu yake.

Siku ya tatu tangu nihamie, Popo aliniletea supu hadi chini ya ngazi, akanipigia kelele nishuke. Ilikuwa ya mifupa ya nguruwe na mizizi ya yungiyungi, ile yenye matundu kama vifungo vya koti, ndani ya bakuli la buluu na nyeupe lililomeguka kidogo mdomoni. Niliinywa yote. Kisha nikakaa na tatizo: Kichina changu kilikuwa cha sokoni. Nilijua kusema ghali mno, punguza, rangi hii siitaki, leta katoni tatu. Sikujua kusema supu yako ni tamu. Basi nilimwambia kile nilichokuwa nikimwambia mwenye kiwanda cha jinzi kule Xintang:

"Bidhaa nzuri. Ubora wa kwanza. Nitaagiza tena."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini bakuli sikulirudisha siku hiyo, na hapa inafaa nieleze malezi yangu. Mama yangu hakuwa na sheria nyingi, ila hii hakuilegeza: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea mboga, sahani yake itarudi na ndizi, au mayai mawili, au hata limau. Kitupu ni kumwambia jirani kwamba biashara yenu imekwisha. Kwa hiyo kesho yake nilikaanga maandazi, nikatia iliki niliyonunua barabara ya Yide, kwenye maduka ya vitu vikavu, nikalijaza bakuli na kulishusha.

Popo alikula manne akiwa amesimama. Asubuhi iliyofuata aliniita, akanionyesha koo lake kwa kidole na uso wa lawama. Watu wa Guangzhou wanaamini kwamba kuna vyakula vinavyoupa mwili joto na vingine vinavyoupoza, na vya kukaangwa, kwao, ni moto mtupu. Maandazi yangu yalikuwa yamemwasha. Dawa yake ni chai ya majani machungu, nyeusi kama oili chafu ya gari. Alikuwa ameichemsha ya kumtosha, na kwa kuwa mimi nilikula maandazi mengi zaidi yake, akanijazia na mimi lilelile bakuli.

"Kunywa. Wewe umeungua zaidi."

"Popo, mimi sijaungua."

"Huwezi kujua. Aliyeungua hajui."

Nikanywa. Nikalia kidogo. Na bakuli likabaki kwangu, haliwezi kurudi tupu, nikaweka kachori. Kachori nazo zikamwasha. Ikaja chai nyingine. Hapo ndipo tuliponaswa, maana kumbe na yeye alilelewa hivyohivyo: mtu akikupa, hunyamazi. Hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuwa wa mwisho. Miezi mitano bakuli lile lilipanda na kushuka zile ngazi kumi na sita, mimi nikimtia joto, yeye akinipoza.

Kisha mkataba wangu wa miezi sita ukakaribia kwisha.

Mgeni akipanga nyumba ya mtu, lazima aandikishwe kituo cha polisi cha mtaa. Haendi peke yake: mwenye nyumba anakwenda naye, na hati ya nyumba na kitambulisho. Kituoni wanapewa karatasi ndogo yenye mhuri, na bila karatasi hiyo ofisi ya viza haipokei hata ombi lako. Mara ya kwanza dalali ndiye aliyeshughulikia yote. Sasa mkataba ulihitaji kufanywa upya, karatasi nayo upya, na viza yangu ilikuwa imebakiza siku tisa. Popo akikataa, nisingepata nyumba nyingine na karatasi nyingine kwa muda huo, hasa mwaka ule. Ningefunga mizigo. Nilishtuka kugundua kwamba jinzi zangu za Xintang, ambazo bado zilikuwa zinafuliwa kiwandani, zilinisumbua kidogo kuliko zile ngazi kumi na sita.

Nilishuka na pasipoti siku ya Jumatatu. Popo hakunitazama usoni.

"Wenye nyumba tuliitwa mkutanoni," alisema. "Wageni sasa ni kazi nzito. Ngoja nimwulize mwanangu. Anakuja Jumapili."

Mwanawe alifanya kazi mjini. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu, mtu mpole mwenye simu mbili, ambaye aliniamkia kama unavyomwamkia mtu aliyekaa kwenye kiti chako kwenye treni. Nilijua atasema nini.

Na bakuli lilikuwa kwangu. Jumapili iliyopita Popo alikuwa ameniletea supu ya mumunye.

Sasa fikiria mwenyewe. Nilirudishe tupu? Mama yangu angeinuka kaburini. Nilirudishe limejaa? Siku hizo, wakati nasubiri aniamulie, bakuli la maandazi lingekuwa nini kama si hongo? Nilimpigia rafiki yangu wa Bukoba.

"Mjazie!" alisema. "Weka na kitenge juu. Unangoja nini?"

"Atadhani namnunua."

"Si ndivyo?"

"Ndiyo maana siwezi."

"Mama wewe, umekaa na bata mpaka umekuwa bata."

Basi nikakaa nalo. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nililiosha mara nyingi mpaka likang'aa. Sokoni sikuenda, kwa sababu ya ukaguzi na kwa sababu ya kukosa raha. Harufu ya supu ilipanda ngazi kama kawaida, lakini supu yenyewe haikupanda.

Jumamosi mchana nilisikia mtu anakuja juu. Hatua, kimya, hatua, kimya. Popo hakuwa amepanda ngazi zile tangu nihamie. Maboksi ya mboga juu ya paa alikuwa akiyamwagilia jirani. Nilifungua mlango nikamkuta ameshika nguzo, anahema, macho yakipita juu ya bega langu hadi kwenye katoni zilizopangwa chumbani.

"Unahama!"

"Sihami, Popo. Hizo ni blauzi. Za soko la Shisanhang. Zinasubiri meli."

"Unahama bila kuniaga. Yule wa kabla yako alihama hivyo na ufunguo wangu. Wewe unahama na bakuli langu!"

Nilimkimbilia, nikamkalisha juu ya katoni, nikamletea bakuli. Alilipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani, akanitazama mimi.

"Kwa nini hukulileta? Siku sita! Nilidhani umenikasirikia."

Nikatafuta maneno, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa yaleyale ya sokoni.

"Popo, nchini kwangu, bakuli tupu halisafiri. Bakuli tupu, aibu kubwa."

"Kwa hiyo weka kitu."

"Nikiweka kitu, wewe unamwuliza mwanao habari yangu, kitu kinakuwa..." Sikujua neno la hongo. Nikaingiza mkono mfukoni mwangu, nikatoa kitu kisichokuwepo, nikakitumbukiza kwa siri kwenye mfuko wa koti lake, huku nikitazama pembeni kama mwizi wa kuku.

Alitazama mfuko wa koti lake. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, akajipiga goti bovu, akasema lo, akacheka tena, akarudia mchezo wangu wa mfukoni, yeye akiwa mimi, na mimi nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

"Siku sita umekaa na bakuli kwa sababu hiyo?"

"Siku sita."

"Mjinga," alisema, kwa upole wa mtu anayesifia. Kisha akanirudishia bakuli. "Miguu yangu imepanda ngazi kumi na sita. Mimi sishuki na bakuli tupu. Aibu kubwa. Weka chochote."

Nilifungua kabati. Unga hakuna, mayai hakuna. Kulikuwa na kitunguu kimoja. Nilikiweka katikati ya bakuli, naye akashuka nalo polepole, mimi nikimshika kiwiko, kitunguu kikizunguka ndani kama abiria peke yake.

Jumapili saa nne mwanawe alibisha mlango wangu. Alizungumza Kichina cha taratibu ili nimfuate.

"Kuna kitunguu juu ya meza ya mama. Nilitaka kukimenya, akanipiga mkono. Anasema ni cha bakuli. Anasema hukutaka kumhonga."

"Ni kweli."

"Umefanya biashara Guangzhou miaka mingapi?"

"Miwili na nusu."

"Na kuhonga hujui?"

"Najua. Ila si kwa Popo."

Alitabasamu akitazama viatu vyake. "Nilimwambia wageni hatuwajui ni watu gani. Akaniuliza, na wewe kule mjini, jirani wa mlango wa pili ni nani? Nimekaa pale miaka minne. Simjui hata jina." Akakuna kichwa. "Kesho nendeni asubuhi, kabla ya foleni."

Jumatatu Popo alivaa koti lake la sherehe, jekundu, ingawa kulikuwa na joto. Hati ya nyumba aliifunga kwenye taulo, taulo akaitia kwenye mfuko wa mchele. Tulitembea mwendo wa magoti yake. Wazee wa vigae walituuliza tunakwenda wapi, naye akawajibu kwa sauti mtaa mzima usikie: "Kituoni! Na Msichana!"

Kituoni askari kijana alisoma pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa. Alinitazama, akamtazama yeye.

"Bibi, huyu unamfahamu vizuri? Ni mtu wa namna gani?"

Popo hakufikiri hata kidogo. "Anakaanga sana," alisema. "Ananiwasha mwili. Mimi nampoza. Ana kichwa kigumu na hawezi kumaliza chai yake. Piga mhuri."

Askari aliinamisha uso akijifanya anatafuta kidau cha wino. Mhuri ukapigwa. Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiganja. Niliishika kwa ncha za vidole, wino usichafuke, na Popo aliniambia niipepee, na tukatoka nje mimi nikiipepea na yeye akiipulizia, watu kwenye foleni wakitutazama.

Jioni, kabla jua halijazama, nilisikia kelele kutoka chini ya ngazi. Nilishuka. Bakuli lilikuwa limejaa mayai ya kukaanga na kitunguu, kile changu, kimekatwa vipande vyembamba.

"Cha kukaanga?" nikamwuliza. "Popo, joto je?"

"Chai iko jikoni," alisema. "Kula kwanza."

Nilikula nimekaa kwenye ngazi ya tatu, yeye kwenye kiti chake mlangoni. Nilipomaliza nikaliosha bakuli, nikaliweka dirishani likauke, nikachukua kikapu na kwenda kununua unga.