Uvimbe wa Shangazi Nakijwa

Nilipokuwa mtoto, kule milimani juu ya Same, tuliambiwa kwamba anayeokota kuni kwenye mshitu, msitu wa mizimu ya ukoo, hutiwa alama mwilini. Kila Jumapili tulikuwa kanisani, lakini hakuna aliyethubutu kutoa hata kijiti mle.

Shangazi Nakijwa, mdogo wake baba, alithubutu. Ilikuwa masika, kuni zote zimelowa isipokuwa zile za mshituni, chini ya miti minene, na bibi alikuwa mgonjwa, anatetemeka kwa baridi. Mwaka uliofuata uvimbe ukamwota shangazi begani, ukakua hadi ukalingana na ngumi yangu. Haukumuuma. Wengine walisema ni saratani, wengine mizimu, na wote wakaacha kukaa naye benchi moja. Mchumba wake akaacha kuja, hata kuaga hakuaga.

Baba akampeleka hospitali. Walikata kinyama kidogo, wakakipima. Siku shangazi alipoleta majibu alikuwa anacheka.

“Mama, ni mafuta tu! Si saratani, wala hauambukizi. Nikitaka, wanautoa.”

Bibi akaniamuru nimsomee ile karatasi. Nilisoma yote. Machozi yakamtoka bibi.

“Karatasi haiujui mshitu, mwanangu. Wakiutoa, utakufa.”

Shangazi hakuthubutu kumvunja mama yake moyo, akauacha uvimbe. Ili asiwakere waliomwogopa, akahamia kibanda cha nyuma ya migomba, mimi nikawa natumwa kumpelekea chakula. Naweka bakuli mlangoni, nakimbia. Siku moja aliniita.

“Njoo uniguse begani, mwanangu. Laini tu, utaona.”

Mkono alikuwa ameunyoosha. Nilikimbia.

Haukupita mwezi akateremka Kihurio, akafanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga, kwa watu wasiomjua. Malaria ikamuua huko. Nyumbani hakuna aliyeitaja malaria. “Nilisema mimi, ni mshitu,” bibi alirudia matanga yote, akijipiga kifua, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Kwa miaka mingi nilimlaumu bibi. Sasa amekufa, nami nina watoto, na lawama ile imenitoka. Bibi aliamini kweli, na alimpenda binti yake. Mimi sikuamini. Nilikuwa na miaka tisa, nilijua shangazi hana kitu cha kuniambukiza. Niliogopa tu kwamba nikionekana karibu naye, watoto wenzangu watanikimbia na mimi.