Kaburi la Mama Marguerite, Ambaye Yuko Hai

Mama Marguerite ni jirani yangu hapa Lusangi. Yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu Kinshasa na Ulaya ambao wamemwona akizikwa, wakalia, wakapangusa machozi, wakaenda zao kula.

Mwanawe wa kwanza ni Isidore, yule mwandishi ambaye vitabu vyake vinasomwa mashuleni. Baba yake alipofariki, Isidore alikuwa bado mdogo. Marguerite alikamua mawese, akayabeba kichwani mpaka Kasongo, akauza, mtoto akasoma kwa mapadri. Hadi leo shingo yake haigeuki upande wa kushoto. Ukimwita kutoka upande huo, anageuka mwili mzima. Hilo halimo kwenye filamu.

Mwaka jana walikuja watu wa kutengeneza filamu ya maisha ya Isidore. Mkubwa wao, Yves, aliomba kupiga picha nyumbani kwa Marguerite. Mama wa watu akakubali, akafagia uwanja, akasiriba kuta kwa udongo mpya. Kisha habari ikaja kwamba dada yake ni mgonjwa kule Kabambare, akaenda kumuuguza.

Ndipo wakamuua. Katika filamu, mama anakufa wakati mwana yuko ng'ambo anaandika kitabu chake cha kwanza. Walichimba kaburi nyuma ya nyumba, wakafukia sanduku tupu, wakasimamisha msalaba wenye jina lake. Wanawake wa kulia waliwachukua hapa hapa kijijini, wakawalipa kwa sabuni. Binti yangu Elsa alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa shambani. Ningekuwepo ningemtoa pale kwa sikio.

Mtu yeyote wa kwetu angewaambia: kaburi likifunguliwa halifungwi tupu. Angalau unalaza shina la mgomba ndani, ardhi isije ikadai mtu. Na watu wakishalia, mtoto wa kwanza ndiye anayekuja kuondoa matanga. Hawakuuliza. Walipakia mitambo yao wakaondoka, na tuta la udongo likabaki.

Marguerite alirudi kwa pikipiki, akalizunguka lile tuta, akasoma jina lake herufi kwa herufi. Tangu hapo watu wakaanza kumkwepa. Wateja wake wa mawese wa siku nyingi walivuka njia wakapita upande wa pili. Bienvenu, mchimba dhahabu wa Salamabila ambaye hakuna shimo linalomtisha, alimtania mbele ya watu: "Mafuta ya marehemu iko bei gani leo?" Wakacheka, na hakuna aliyenunua. Elsa naye akashikwa na homa. Dawa za zahanati zilimponya yeye; mimi hazikunituliza.

Nilimwambia Marguerite tuchukue majembe tulisawazishe hilo tuta. Akakataa.

"Ule alinizika ndiye atanifukua," akasema.

Akampigia Isidore simu, mimi nikiwa kando. Mwana akakiri kwamba yeye mwenyewe alikubali. Eti mama aliyekufa anawagusa watazamaji kuliko mama anayeuza mawese. Eti ni filamu tu. Kwake ni filamu tu, maana si yeye anayeamka asubuhi na kukuta msalaba wenye jina lake.

Isidore alikuja pale filamu ilipoletwa kuonyeshwa Kasongo. Alishuka kwenye gari pamoja na Yves, mikononi ana vitenge vya zawadi. Mama yake hakuvipokea. Alimpa jembe.

"Mama, wageni wananingoja Kasongo."

"Na mimi nakungoja tangu munizike. Chimba, mutoto wangu."

Alitutazama sisi majirani, labda mmoja wetu angemwombea. Mimi nikaenda kumkatia shina la mgomba. Akavua viatu, akachimba mpaka shati likamgandia mgongoni. Akalitoa sanduku, akalaza mgomba mahali pake, akafukia, akasawazisha udongo kwa miguu. Mwisho akaung'oa msalaba.

Kumbe Yves alikwisha kutoa kamera. Alisema hii ni nzuri kuliko yote waliyopiga, akamwomba Isidore arudishe msalaba kidogo, aung'oe tena polepole.

Marguerite alimwendea, akaziba jicho la kamera kwa kiganja chake.

"Kufa kwangu mumekwisha kuuza," akamwambia. "Kufufuka kwangu hamuuzi."

Na mkono hakuutoa mpaka kamera ikarudi ndani ya mfuko.