Mizani ya Stoo ya Mtoni

Desemba ile ya tisini na nne niliondoka Saboti kwa sababu moja tu: nilitaka kulala karibu na maji, kwenye kitanda nisichokitandika mwenyewe. Baba aliposikia kwamba hoteli yenyewe ni ile stoo ya zamani ya mahindi kando ya mto Nzoia, upande wa Webuye, aliweka kikombe chini. "Usiende pale, mama," akasema, kisha akatoka nje.

Nilijua kwa nini. Zamani Baba alikuwa akipeleka mahindi ya majirani kwenye stoo ile kwa trekta. Gunia likipimwa kwetu kanisani ni kilo tisini. Likifika mtoni, themanini na tatu. Mwisho Mzee Wafula, kiongozi wa kanisa, alisimama mbele ya watu akasema Baba anachota njiani. Tangu siku hiyo Baba hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hata mimi, binti yake, kuna siku nilijiuliza.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Kitale. Nilipitia zahanati kuchukua dawa za presha, na muuguzi akanipima: kilo sabini na sita. "Mwalimu, punguza chapati," akasema, foleni nzima ikisikia.

Saa tisa nilishuka Webuye, nikapanda baiskeli ya kukodi mpaka mtoni. Hoteli ilinipendeza mara moja. Kuta nene za stoo zilikuwa zimetobolewa madirisha, na chumba changu bado kilinukia mahindi makavu. Nje, Nzoia ilipita ikiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mwenye hoteli, Mama Nafula, alikuwa ameiacha mizani kubwa ya stoo pale mapokezi.

"Kalibu, Madam. Panda hapa. Mgeni napima akiingia, napima akitoka, ati ajue amekula vizuri."

Nikapanda. Sabini! Nikapiga kigelegele. Kilo sita tangu asubuhi, na nilikuwa nimekaa tu.

"Si balabala yetu imekupunguza, bana!" Mama Nafula akacheka.

Nami nikacheka. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilitoa kalamu, nikaandika kiganjani: ikiwa sabini na sita inasomeka sabini, tisini itasomeka ngapi? Themanini na tatu.

Nililichomoa lile jiwe la chuma linaloteleza kwenye mkono wa mizani, nikalipindua. Jiwe likiwa zito kupita kiasi, mzigo husomeka mwepesi. Chini yake kulikuwa na kipande kingine cha chuma, kimechomelewa na kupakwa rangi ile ile ya kijani.

"Hiki uliongeza wewe?"

"Mimi? Nilinunua nyumba na hii kitu ikiwa hivyo hivyo. Mwenyewe alihama kitambo."

Mtu alisimama hapa akipima, akisalimiana na Baba kila msimu, huku akijua. Nilipomweleza Mama Nafula, alikibandua kile chuma kwa nyundo na patasi, akakifunga kwenye gazeti. "Beba, Madam. Mimi nauza ugali na samaki, siuzi mahindi."

Kesho yake sikungoja hata chai. Nilifika Saboti mchana, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Wafula. Alikikwaruza kile chuma kwa ukucha. "Hii rangi naijua," akasema. "Ni ya ile mizani ya mtoni."

Nyumbani nilimwomba Baba msamaha. Alikishika kile chuma, akakipima mkononi. "Kumbe ni kadogo hivi," akasema, machozi yakimlengalenga. Nimefundisha hesabu miaka kumi na tano, na sikuwahi kumpigia baba yangu hesabu hata moja.

Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, Mzee Wafula alisimama akaungama mbele ya wote kwamba alimsingizia Baba. Watu wakageuka kumwita Baba aje mbele. Baba hakuinuka. Mzee Wafula akaacha kiti chake, akatembea polepole mpaka mlangoni, akasimama kando ya benchi la mwisho.

Baba akasogea, akampa nafasi.