Kura Moja ya Mama

Nikinusa sabuni ya vyombo yenye harufu ya limau, nakumbuka siasa. Msinicheke. Nilipokuwa na miaka tisa, jimbo letu la Parkdale, huku ughaibuni, lilifanya uchaguzi mdogo wa ubunge, na baba yangu, ambaye hakuwahi kuosha hata kijiko, alisimama kwenye sinki siku kumi mfululizo.

Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimepasuka, kila upande ukasimamisha mgombea wake. Baba, mpakiaji mizigo kwenye ghala moja kule Downsview, aliwaunga mkono wazee wa chama. Mjomba Kioko, mdogo wake Mama, aliwafuata vijana waliojitenga. Jumapili moja walirushiana maneno mezani, mmoja akamwita mwenzake msaliti, na Mjomba akaondoka bila kumaliza chai. Jumapili iliyofuata hakuja. Mama alimpakulia hata hivyo, akaifunika sahani.

Kichekesho ni kwamba wote wawili hawakuwa raia. Mwenye kura katika familia alikuwa mmoja tu: Mama, muuguzi, aliyekuwa amekula kiapo cha uraia miezi michache nyuma. Basi wakambembeleza kama wapiga kura wanavyobembelezwa kule kwetu tulikotoka, kwa zawadi. Baba akaosha vyombo. Mjomba akaleta samaki, akimkabidhi Mama mlangoni bila kuvua viatu, asije akakutana na shemeji yake.

"Dada, usitusahau."

"Nitafikiria," Mama alijibu, akipokea samaki.

Siku ya uchaguzi kila mmoja alitaka kumsindikiza kituoni. Mama akawaambia wote waje saa ileile, na kwamba wangekula kwanza. Wakala ugali wakitazamana kama majogoo.

"Haya, twende," Baba akasema.

"Wapi? Mimi nilishapiga kura wiki iliyopita, nikitoka zamu. Huku wanaruhusu mapema."

"Ulimpa nani?" waliuliza kwa pamoja.

"Kura ni siri. Ongezeni mboga."

Jioni mgombea wa chama kingine kabisa akatangazwa mshindi. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru," Mama akasema.

Baba akashusha pumzi. "Tumeshindwa, shemeji."

"Tumeshindwa vibaya," Mjomba akajibu, na safari hii akamaliza chai yake.

Mimi nilicheka hadi nikapaliwa, nikidhani Mama alikuwa akijifurahisha tu. Sikujua kwamba hakuwa na ndugu mwingine upande huu wa dunia. Juzi nilimuuliza kama siku zile aliogopa.

"Sana," akasema. "Ningebaki na baba yako peke yake."