Hirizi ya Selemani

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizovaa koti jeupe. Nilikuwa nimetoka kusomea utabibu wa maradhi ya akili, nikapangiwa hospitali moja huku kwetu Lindi. Wagonjwa wangu walikuwa watu wazima, na anayesikia sauti wasizosikia wenziwe ndiye aliyenivutia zaidi. Nilisoma habari zake hadi nikajiona hakuna nisilolijua. Ujana nao una ulevi wake.

Asubuhi hiyo Bi Somoe alimleta mwanawe Selemani, fundi cherehani wa Nyangamara. Selemani alikuwa haogi, hali, anabishana na ukuta. Mkononi alivaa hirizi nyeusi. Niliiona hiyo kabla sijamwona yeye.

"Mama," nilisema, na ukumbi mzima ukasikia, "mmezunguka kwa waganga mpaka mtu ameharibika, ndiyo mnakuja kwangu?"

Nikachukua mkasi, nikaikata.

Bi Somoe aliinama, akaiokota, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akapokea dawa za mwezi mmoja, akasema, "Ahsante, daktari." Hawakurudi. Nikaandika kwenye faili kwamba ndugu ni wazembe, nikaita mgonjwa mwingine.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda na muuguzi wangu kutibu watu huko Nyangamara. Tukaelekezwa nyumba moja, kwamba kibandani uani mna mgonjwa. Selemani alikuwa amefungwa mnyororo mguuni, amekonda, hakunitambua.

"Shikamoo, mama," nilimwambia Bi Somoe.

"Marahaba. Dawa zako zilimtuliza, baba. Zilipokwisha nikashindwa kurudi. Wale watu wa ukumbini waliokusikia ningewatazama vipi? Akaanza kukimbilia barabarani kwenye magari, ndipo tukamfunga." Akashika pindo la kanga. "Na ile hirizi haikuwa ya mganga. Marehemu baba yake ndiye aliyemvisha, yu mdogo, ana surua. Kila uzi ukichakaa, Selemani mwenyewe akiubadilisha. Ungeniuliza, ningekwambia."

Nilimwomba radhi. Neno lilitoka dogo.

Tulimfungua, akarudi kwenye dawa, na baada ya miezi michache sauti zile zikapungua. Leo Selemani anaitikia salamu, anakwenda msikitini. Lakini mnyororo uliuharibu mguu, hawezi tena kukanyaga cherehani. Hushona vifungo kwa mkono. Mkewe alikwisha kuondoka, akaolewa na mwingine huko Mingoyo. Bi Somoe alinisamehe kabla hajafa. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Kazi niliifanya miaka mingi baada ya hapo, na wengi walipona, wengine huniletea korosho hadi leo. Wakinisifu, hutazama chini.

Basi wewe unayeingia kazi hii, shika neno langu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mgonjwa wa akili haji peke yake, huja na mama, na mama huyo ndiye atakayempa kidonge ukiwa umelala kwako. Ukimvunjia heshima, umemnyima mgonjwa dawa. Kuuliza si ujinga, mwanangu: uliza, kisha nyamaza usikie jibu. Na asiporudi, usiandike uzembe. Mfuate.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye huruma, akuepushe na kiburi kilichonipofusha, na wale utakaowakosea, akufikishe kwao mapema kuliko nilivyofika mimi. Amina.