Vistari vya Babu

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimechimba dhahabu, nimerina asali kwenye misitu ya Usinge, nimelala juu ya magunia ya mpunga kwenye malori ya kutoka Ziba. Kilichonirudisha Tabora ni simu: figo za mama mkubwa, aliyenilea, zilikuwa zimefeli. Nilimkuta kitandani kwake, mtaa wa Ipuli, miguu imevimba.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunizika?" Akanitazama. "Wewe uliyezurura kote, nitafutie jambo moja. Bibi yangu, mama yake mama, alitoka wapi? Sitaki kufa sijui kwetu."

Akanipa madaftari matatu ya babu, yaani baba yake. Babu alikuwa katekista, na aliandika masimulizi ya wapagazi wa zamani pamoja na habari za nyumba yake. Yalimfikia mama mkubwa macho yake yakiwa hayaoni tena wino ule.

Dada mwenye steshenari jirani ndiye aliyenifundisha wingu la maneno. Unaipa kompyuta maandishi yote, inakutolea picha moja. Neno lililotajwa sana linakuwa kubwa, lililotajwa mara moja linakuwa kama sisimizi. Nikaona hilo ndilo la kumfaa mama mkubwa, maana herufi kubwa angeziona. Nilichapa wiki mbili.

"Kaka, unachapa kama kuku anadonoa," alinicheka yule dada.

Babu alikuwa na mazoea ya kuweka kistari kifupi, mara mwanzoni mwa sentensi, mara katikati. Nilidhani anapumzisha kalamu. Nikaviruka vyote.

Wingu likatoka. MZIGO lilijaa katikati, likizungukwa na maji, njia, pembe, chumvi, bega, kiu. Nilijiona msomi. Mama mkubwa akaisogeza karatasi karibu na pua, akapitisha kidole taratibu.

"Bibi yangu yuko wapi humu?"

"Hayumo. Nadhani babu hakumwandika."

"Na vile vistari alivyokuwa akiviweka baba? Umevichapa?"

"Vistari gani?"

Akafumba macho. "Mjinga wewe. Mkwe hatajwi jina. Baba hakuthubutu kumtaja mama mkwe wake kwa mdomo, atamtaja kwa kalamu? Kila kistari ni yeye."

Nikarudi steshenari, nikaweka neno bibi kila penye kistari. Kuna sentensi niliyoichapa mwanzo nikidhani babu anazungumzia punda: alinunuliwa Ujiji kwa chumvi, akiwa mdogo. Sasa nikaona ni nani. Alitembezwa pamoja na mama yake. Karibu na mto Malagarasi mama huyo alishindwa na mzigo, akaachwa kando ya njia, msafara ukaendelea. Mtoto akafika Tabora bila mama. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho babu aliandika: aliulizwa kwao, akanyamaza.

Safari hii BIBI lilitoka kubwa sawa na MZIGO, yamebanana. Nilipeleka karatasi Ipuli, nikamsomea na sentensi zenyewe, ila ile ya mwisho. Mama mkubwa alisikiliza bila kunikatiza.

"Na kwao?"

Ningeweza kumdanganya. Nimepita vijiji vingi, ningemtajia chochote akaridhika. Lakini alikuwa amenishika mkono.

"Aliulizwa, akanyamaza."

Aliachia mkono wangu, akageukia ukutani. Jioni hakutaka uji.

Alifariki Jumatano. Siku ya maziko, mzee wa jumuiya aliyekuwa akiandaa wasifu wa marehemu alinifuata na karatasi yake. Upande wa baba alikuwa ameujaza.

"Upande wa mama niandike asili yao ni wapi?"

Nikamwomba kalamu, nikachora kistari.

"Ndiyo nini hii?"

"Wewe soma hivyo hivyo, mzee."

Kaburini alisoma vizuri, kwa sauti. Alipofika pale akanitupia jicho, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na majina ya watoto.