Arobaini Haikuwa Yangu

Nakumbuka vizuri siku ile ya arobaini na moja, mwanangu, kwa sababu niliihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa vidole nikiwa kibandani Bungu, mara ya pili kwenye kalenda ya ukutani, isije ikawa nimejipunja. Mke wangu Zainabu alikuwa amejifungua kwa mama yake huko Salale, maana kwetu uzazi wa kwanza binti hurudi kwao, nami nikabaki na biashara. Arobaini imetimia, nikajisemea, sasa nikamchukue mke wangu.

Naandika haya kwa sababu nimechoka. Wiki hii tu vijana wawili wamekaa kwenye benchi la duka langu hapa Kibiti, kila mmoja na malalamiko yaleyale: mtoto ana miezi mitatu, mama yake amegeuka, hataki kuguswa, tumbo halijarudi. Halijarudi kutoka wapi, mwanangu? Lilikwenda kukubebea mtoto, halikwenda matembezini. Nimewaeleza mmoja mmoja mpaka mate yamenikauka. Sasa nasema na wote kwa pamoja, na anayesema ni mtu aliyekosea kuliko wao.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika, mabasi ya kusini yakisimama Bungu abiria wanashuka kutafuta korosho na kupanda tena na mashati. Mimi nilikuwa kijana wa marobota ya mitumba, na sifa yangu barabara nzima ilikuwa jicho. Mwanamke akipita mara moja, namjua kiuno. Gauni nikimkabidhi, linakaa. Futi ya fundi sikuwahi kuishika. Kwa ajili ya Zainabu nilichambua robota zima, nikatoa gauni la samawati lenye mkanda kiunoni, gredi ya kwanza, halina hata doa. Nikalifunga kwenye gazeti, nikapanda gari, kisha boti, nikapita katikati ya mikoko nimelipakata kama mayai.

Zainabu alilipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani kulijaribu. Alikawia. Alipotoka, zipu ilikuwa imekwama katikati ya mgongo na kifua kimebanwa. Kabla hajasema neno mtoto akalia chumbani, maziwa yakatoka yenyewe, yakachora madoa mawili kwenye ile samawati. Nami, mfanyabiashara hodari, nikalikagua gauni mbele na nyuma kama mtu aliyerudishiwa mali, nikasema, "Gauni halina kosa."

Hakulia. Ningependa kukwambia alilia, maana hapo ningejua la kufanya. Aliingia ndani akafunga mlango.

Mama mkwe alikuwa uani, akainamia ungo wake wa mchele kama hakusikia. Mkwe hazungumzi na mkwe mambo ya namna hiyo. Lakini bibi yake Zainabu, Bi Mwanaidi, aliyekuwa akimkanda na kumfunga tumbo tangu siku ya kwanza, alikuwa na haki yote ya kunitania na kunisema, na aliitumia.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi wa kwetu wanavyowaita waume wa wajukuu zao, "umefuata nini huku?"

"Nimemfuata mke wangu, bibi. Arobaini imetimia. Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu nini?"

"Siku."

"Na mishono?"

Kumbe Zainabu alichanika akijifungua, nesi wa zahanati akamshona. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwa nimeuliza.

"Arobaini ni ya kutoka nje na kurudi kwenye sala," akasema. "Hiyo hesabu ni yake na Mungu wake. Wewe nani alikuandika humo?"

Nikajaribu kupatana, kazi niliyoijua. "Basi, bibi, nitaongeza wiki. Wiki mbili. Tufunge hapo."

"Kwani hapa pana robota?" Akanionyesha sufuria kwa kidole. "Chota maji, washa moto. Ukimaliza utaniambia tena habari za wiki."

Nilikaa siku saba. Asubuhi na jioni nilichemsha maji, nikabeba ndoo mpaka kwenye bafu la makuti, nikaiacha mlangoni na kurudi nyuma. Makuti hayazuii sauti. Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi kwa meno kila alipokaa. Nilimsikia bibi akiuliza, "Hapa?" naye akijibu, "Na hapa pia." Nilimsikia akisema kwamba akikohoa mkojo unamponyoka, na bibi akimtuliza. Ningekuwa mimi badala ya bibi, ningemuuliza kwa nini. Nilikuwa nimejisifu mwaka mzima kwamba najua kiuno chake, na sikujua hata anakaa vipi. (Baadaye nesi alituambia maji ya moto vile hayafai, ya uvuguvugu yanatosha. Bi Mwanaidi alinuna wiki nzima.)

Siku ya saba, alasiri, Zainabu alikuwa ananyonyesha barazani. Nikakaa mbali kidogo, nikamwambia neno nililosema kuhusu gauni lilikuwa la kipumbavu.

"Lilikuwa," akasema. Akambadilishia mtoto ziwa. "Mwili huu mimi mwenyewe sijauzoea, baba Rehema. Nikioga nauona kama wa mtu mwingine. Naogopa utaniumiza. Na nikikataa, naogopa utakwenda kwa mwingine. Kama nitarudi Bungu nikuogope kila siku, afadhali nibaki hapa na mwanangu."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana nilijua hatanii. Nilikuwa nimekuja kuchukua mke na mtoto, na nilikuwa karibu kuondoka bila wote wawili. Safari hii sikupatana. Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Uniulize," akasema. "Na nikikwambia bado, usinune."

Alirudi Bungu baada ya mwezi mwingine. Tulilala mtoto akiwa katikati, nami nikajifunza kumshika mkono bila kuufanya mkono huo utangulizi wa kitu kingine. Nilinuna mara mbili, nakiri, na mara zote mbili aliniona. Mtoto alipofika mwezi wa tano, yeye ndiye aliyeniita. Hata siku hiyo tuliacha njiani kwa sababu aliumia, tukainuka, tukanywa chai, tukacheka. Haikurudi kuwa kama zamani. Palipokuwa pakimfurahisha pakawa hapagusiki, na mahali pengine ambapo sikuwahi kupafikiria ndipo akaniambia pazuri. Ilibidi niulize kama mgeni. Laiti ningekuwa mgeni tangu mwanzo.

Na lile gauni? Bi Mwanaidi alilikata kwa kisu likawa nepi. Gredi ya kwanza. Rehema aliliharibu siku hiyohiyo.

Basi nisikilize, mwanangu, maana sina nia ya kurudia. Arobaini si tarehe ya kudai. Mwili uliozaa haurudi ulikotoka, unakwenda mbele, na wewe utaufuata kwa mwendo wake. Ukavu, maumivu, hamu kupotea, maziwa kutoka bila kuitwa, usingizi wa vipande vipande, hayo si dharau kwako. Maumivu yakigoma kwisha au mkojo ukiendelea kumponyoka, mpeleke kwa nesi, na ukae naye kwenye foleni, usimtume peke yake kama anakwenda kununua chumvi. Usimlinganishe na picha ya harusi. Kwenye picha hiyo wewe hukuwa na kitambi; sasa unacho, na hujazaa mtu. Muulize. Akisema "bado", sema "haya", kisha kachote maji, ya uvuguvugu.

Inuka sasa kwenye benchi langu, urudi nyumbani. Mungu amlinde mama na mtoto. Akujalie mke anayeweza kukwambia "bado" bila moyo kumwenda mbio, na akujalie wewe uso usiobadilika unapolisikia. Amina.